Miaka ya Baba Mdogo

Baba yangu alikuwa na mgongo mbaya na jina zuri. Jina lake liliandikwa katika karatasi za kiwanda cha kahawa mjini Butembo, na katika karatasi za kaisi, ule mfuko wa pensheni, pia. Kila mwisho wa mwezi, kabla hajapewa mshahara, kipande kilikatwa kikapelekwa huko kaisi. Katika mtaa wetu, mtu mwenye makato ya namna hiyo alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Majirani walikuwa wakulima na wachuuzi, na wakizeeka waliwazeekea watoto wao. Baba alisema yeye ataizeekea kaisi. Alilisema hata mbele ya wageni, glasi ya kasikisi, pombe yetu ya ndizi, mkononi, nasi watoto tulijiona wakubwa bila kujua hiyo kaisi ni mnyama gani.

Siku moja aliinua gunia, kitu kikalia mgongoni, na tangu siku hiyo hakuweza kuinua hata kigoda. Daktari alimkataza magunia. Lakini miaka yake ya makato ilikuwa haijatosha, tena ilikuwa mbali sana na kutosha. Mhasibu wa kiwanda alimweleza waziwazi: ukiacha sasa, kaisi itakupa kitu kidogo cha kukuaga, halafu basi, hamjuani tena. Baba alilala kwenye mkeka akitazama mabati. Kisha akafanya wanavyofanya watu wa kwetu. Akamwita mdogo wake.

Watu waliotoka majimbo mengine, wale walimu wenzangu na askari waliopangiwa kazi huku, wanashangaa nikiwasimulia. Kwetu nafasi ya kazi ni ya nyumba. Ukiugua, ndugu yako anakushikia: meza yako sokoni, zamu yako ya kulinda mtaa, hata kiti chako cha kwaya. Patron mwenyewe, mwenye kiwanda, alikuwa mtu wa kwetu, na duka lake la mjini aliliendesha hivyohivyo pamoja na ndugu zake, leo huyu, kesho yule. Baba alipomwendea, hakuona shida yoyote.

"Leta leki yako ashike nafasi," alimwambia, maana leki ni mdogo wa mtu. "Mimi nalipa mikono, hapana sura."

Basi jina likabaki la baba. Kama wangemwandika mdogo wake kwa jina lake mwenyewe, huyo angeanza na sifuri na miaka ya baba ingesimama palepale. Kwa baba, makato yalikuwa kama shamba: haidhuru nani anapalilia, mradi lisilale. Hakuna aliyemwambia kwamba kaisi haijui nyumba. Kaisi inamjua mtu mmoja, na mtu huyo akifa inamjua mke wake na watoto aliowatangaza, wala haina habari na wengine.

Baba mdogo alikuja kutoka Kamango na mke wake, ambaye ndiye mama mdogo wa habari hii, pamoja na watoto wawili wadogo. Alikuwa amepanda kakao kwa mikono yake, na miti ilikuwa bado michanga. Alimwachia jirani aiangalie mpaka mgongo wa kaka yake upone. Mgongo haukupona. Leo watu wa huko wanajenga nyumba za matofali kwa kakao, na ile miti ya baba mdogo inamzalia mtu nisiyemjua.

Kiwandani aliitikia jina la baba yangu. Nyumbani tulimwita kwa lake. Mshahara aliuleta kwa baba ukiwa haujafunguliwa, na baba, ameketi salon, yaani sebuleni, na mto nyuma ya kiuno, alitoa kwanza fungu aliloliita la jina, ndipo akampa ndugu yake lililobaki, la mikono. Tena palikuwa na nyongeza ya watoto, ile inayolipwa pamoja na mshahara kwa kila mtoto aliyetangazwa. Waliotangazwa ni sisi. Kwa hiyo sisi tulikwenda shule ya masista, na mimi nikaendelea mpaka chuo cha ualimu. Binti mkubwa wa baba mdogo, rika langu, alikaa mbele ya nyumba akiuza chumvi na sukari kwa vifungu.

Aliwahi kuniuliza, tukiwa tunachambua maharagi jikoni, "Papa yangu njo anabeba. Juu ya nini wewe njo unasoma?"

Nilimjibu kwamba karatasi ndivyo zinavyosema, maana ndivyo nilivyowasikia wakubwa wakijibu. Hakuniuliza tena, na urafiki wetu ukaishia hapo.

Baba mdogo alibeba magunia hivyo mpaka mimi nikapata kazi Beni, nikapanga nyumba mtaa wa Beu, nikaolewa. Siku moja nilipigiwa simu nikiwa darasani. Rundo la magunia lilikuwa limemwangukia baba mdogo, likamuua. Nilipanda gari asubuhi iliyofuata, njia ile ya waasi, ambayo kila mtu husali kimyakimya mpaka aone nyumba za Butembo, nikakuta kilio kimejaa uani. Patron alileta jeneza, maharagi, mchele, na machozi ya kweli. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, ningejua hasira yangu niielekeze wapi.

Tulipokwisha kuzika, mhasibu alikuja. Aliomba wakubwa wa familia waingie salon, nami nikaingia kwa sababu ya ualimu wangu, ili niwasaidie kuelewa Kifaransa. Mama mdogo alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa. Mhasibu alizungumza na baba kwa sauti ya chini.

"Papa, kuko franga ya accident. Mutu akifia ku kazi, bibi yake analipwa kila mara, na batoto mpaka bakomale. Mais marehemu mwenye kuwa mu karatasi ni wewe."

"Mimi niko hapa," baba akasema.

"Njo shida. Inaomba wewe njo ukufe."

Mtu mmoja karibu na mlango alikohoa ili asicheke. Mhasibu akaeleza vizuri. Patron angeandika kwamba aliyekufa ni baba. Mama yangu, kwa kuwa ndiye mke aliyetangazwa, angekuwa mjane wa karatasi, na kila akilipwa angempa mama mdogo. Baba angeendelea kuishi na kula kama kawaida, ila kwa kadi ya mdogo wake. Walifanana, hakuna ambaye angechunguza.

Baba alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. "Parcelle hii, kiwanja na nyumba, iko ku jina yangu. Nikikufa, inabaki ya nani? Na ku misa basome jina yangu mu bamarehemu, mimi niko naikala ku benchi?"

Watu walicheka kidogo, hata katika msiba huo. Mimi sikucheka. Nilimjua baba yangu. Aliyekufa hapewi pensheni ya uzee, na ya kwake ilikuwa imekaribia. Miaka yote iliyokuwa imepungua, baba mdogo alikuwa amemjazia mmoja baada ya mwingine, na iliyobaki ilikuwa michache tu. Hilo hakulisema, lakini alilifikiria, na mimi niliona akilifikiria.

Nilimuuliza mhasibu kwa nini wasiseme ukweli tu: kwamba aliyekuwa akifanya kazi ni huyu tuliyemzika.

"Madame l'enseignante," akanijibu, kwa heshima yenye kejeli ndani yake, "ukisema ukweli, patron analipa amende, faini kubwa. Miaka ya papa wako bataifuta, juu hakukuwa ku kazi. Na ya marehemu haiko, juu hata siku moja habakumuandika. Bote babili, zéro."

Ndipo mama mdogo akasema kutoka pale chini. "Shemeki, mi hapana kuomba ukufe. Naomba tu batoto bakule."

Baba alisimama kwa shida, akashika mgongo wake, akaahidi mbele ya wote: pensheni yake ikitoka, nusu itakuwa ya nyumba ya mdogo wake. Nusu kwa nusu, mbele ya Mungu na mbele ya watu. Wazee wakapiga makofi taratibu, kama tunavyofanya neno likikubaliwa. Patron akaandika kwamba marehemu alikuwa mkulima, ndugu wa mfanyakazi, aliyepita kiwandani kusalimia. Mwingine akaingizwa kubeba magunia kwa jina la baba mpaka baba afike umri wa pensheni. Na mama mdogo akabaki mjane wa mgeni aliyepita kusalimia.

Wakati wa pensheni ulipofika, ofisi ilimtaka baba afike mwenyewe Beni, waulizane maswali. Alifika kwangu Beu, na mama mdogo alikuja naye. Nilidhani amekuja kumhudumia njiani. Kumbe alikuja kumfundisha.

Baba hakuwa ameingia kile kiwanda tangu mgongo wake ulipoharibika. Mashine aliyoijua ilikuwa imekwisha kuuzwa kama chuma chakavu. Mama mdogo ndiye aliyekuwa akipeleka chakula kila mchana, miaka yote ile, na alikijua kiwanda pembe kwa pembe. Waliketi nyuma ya nyumba yangu mchana kutwa, mimi nikisahihisha madaftari ya wanafunzi dirishani, na alimfundisha kama katekista anavyomfundisha mtoto wa komunyo ya kwanza.

"Machine ya kukoboa ya sasa ni ya courant, ya umeme. Ile ya mukanda baliitoa. Usisahau. Magunia ya arabika wewe ulikuwa unapanga upande wa muto, ya robusta upande wa barabara."

"Upande wa barabara," baba akasema.

"Hapana, shemeki. Arabika ku muto. Chakula wewe ulikuwa unakulia nyuma ya bascule, ile mizani kubwa, juu pale vumbi hapana kufika sana. Ulikuwa unakohoa sana wakati wa kavu. Mimi nilikuwa nakuletea chai ya tangawizi, wewe unasema ni kali."

Alikuwa akisema wewe, wewe, na mara moja alicheka, kwa sababu alikuwa anakumbuka jinsi alivyomsukuma mume wake aliyejaa vumbi anywe chai yake. Baba alitikisa kichwa na kurudia. Niliiacha kalamu nyekundu juu ya madaftari. Nilitoka nikaenda kusimama barabarani, nikasonya peke yangu, wapita njia wakanishangaa.

Ofisi ilikuwa katika nyumba ya kupanga, mtaa wa Ruwenzori hapo Beni, nasi tuliingia wote watatu. Karani alikuwa kijana mpole wa jimbo jingine, Kiswahili chake kimechanganyika na Kilingala. Aliuliza maswali, na baba akajibu yote: mashine, bascule, arabika upande wa mto. Hakukosea hata moja. Kisha yule kijana akainamia meza akaitazama mikono ya baba. Ilikuwa mikono ya mtu aliyekaa salon.

"Papa, pardon. Hii njo mikono ya mutu ya magunia?"

Baba akairudisha mikono mapajani. Mimi mwenyewe nilifungua mdomo nijibu. Mama mdogo alinitangulia.

"Ni yeye. Mi njo nilikuwa namupelekea chakula kila midi."

"Wewe ni bibi yake?"

"Shemeki. Bibi wa leki yake."

"Na leki yake, yeye alikuwa anatumika wapi?"

Niliomba moyoni asijibu. Aseme amesahau, aanze kulia, aanguke, chochote. Alimtazama yule kijana usoni.

"Ule hakukuwaka na kazi," akasema.

Karani aliandika. Pensheni ya baba yangu ikapita. Huko nje baba alimnunulia mama mdogo Fanta, akamshukuru mara nyingi mno, na mama mdogo alikunywa nusu akanipa chupa nimshikie, akasema tumbo limemjaa.

Sitaki kusema baba alikuwa mwizi. Pesa ya kwanza ilipotoka aliigawa kweli nusu kwa nusu, mezani, watu wanaona. Ya pili pia. Halafu mabati yakavuja, na mabati ni ya nyumba yote, akasema. Halafu dawa za mgongo. Halafu nusu ikawa robo, robo ikawa sabuni na kilo ya mchele, na mwishowe ikawa ile subiri kidogo ambayo kila mtu wa nchi hii anaijua. Mama mdogo hakudai. Alirudi kulima kiwanja cha kukodi nje ya mji, na wanawe wadogo, waliozaliwa Butembo, wakaacha shule mmoja baada ya mwingine bila makelele.

Nilimfuata baba nikamwambia ninachofikiri. Tuligombana hata majirani wakasogea kwenye ua.

"Bila jina yangu," alisema, "ile mikono yake ingelipwa nini?"

"Na bila mikono yake, lile jina lako lingelipwa nini?"

Aliniambia nirudi kwa mume wangu. Nilirudi, na kwa muda mrefu hatukupigiana simu. Damu ilinichemka kila nilipotazama karatasi yangu ya mshahara na yale makato yangu mwenyewe, maana na mimi ninakatwa. Sijui nani atakula huko mwisho. Nimewaambia watoto wangu mapema kwamba sitaki mtu yeyote anishikie nafasi. Nikiugua, acha waniandike mgonjwa.

Baba alipofariki, mama yangu akapewa pensheni ya mjane. Ni kidogo kuliko ile ya baba, lakini inatoka. Niliamini kwamba sasa, wajane wawili katika ua mmoja, mambo yatanyooka. Mama yangu si mtu wa maneno makali. Katika maisha yangu sijamsikia akimtukana hata mbuzi. Nilipomuuliza kuhusu nusu, aliendelea kukunja kitenge chake.

"Hii ni ya bwana yangu," akasema. "Ya bwana yake, yeye mwenyewe alimwambia kijana wa ofisi kwamba haikuwako."

Ndivyo alivyosema, kwa sauti ya upole, na hakuona kwamba amesema jambo baya. Tangu hapo ninamtumia mama mdogo kitu kutoka mshahara wangu, ukifika, maana nao hufika unapotaka. Anapiga simu kusema wasingya, asante ya kwetu, na maneno yanaishia hapo. Aliwahi kujaribu kurudi Kamango kutazama kakao. Yule jirani alikuwa amekimbia vita, na mtu aliyekutwa shambani alimuuliza kwa adabu ana karatasi gani.

Mwaka jana, Novemba, nilikwenda Butembo kwa misa ya kuwaombea marehemu. Kwenye parokia yetu unatoa nia yako kwa katekista mapema, na marehemu husomwa kwa jina na kwa kile alichokuwa duniani: mwalimu, mfanyabiashara, mama wa familia. Mama yangu alikuwa anataka kuwaandikisha wote wawili, baba na baba mdogo. Mama mdogo alimfuata jikoni, nami nipo.

"Yaya, dada yangu, ku ya bwana yangu, basome mufanyakazi ya usine ya kahawa. Ni ile tu."

Mama yangu alitikisa kichwa. "Hapana, mwenzangu. Ku kanisa kuko batu ya bureau ya pensheni. Bakisikia, batafunga pensheni."

"Hakuna atakayefunga kitu kwa sababu ya misa," nikasema. "Mwache mtu asomwe alivyokuwa."

"Bakifunga, wewe njo utanilisha?" mama akaniuliza.

Nilifikiria mshahara wangu, kodi ya Beu, watoto wangu. Mama mdogo alisubiri nijibu, kisha akachukua ndoo akaenda kuteka maji.

Kanisa lilijaa. Mama yangu haoni vizuri siku hizi, kwa hiyo mama mdogo ndiye aliyemwongoza mpaka kwenye benchi, akaketi kando yake. Upande wa wanaume waliketi wafanyakazi wa kiwanda, ambao huja pamoja kila Novemba. Katekista alisoma jina la baba yangu: mfanyakazi wa kiwanda cha kahawa, aliyetumika kwa uaminifu mpaka pensheni. Na wale wanaume waliinamisha vichwa wote. Wawili walilia. Mmoja alifuta uso kwa kofia. Nilishangaa, kwa maana wengi wao hawakuwa wamewahi kumwona baba yangu. Kisha nikaelewa. Hilo ndilo jina pekee walilomjulia yule aliyebeba magunia nao, akakohoa nao, akafa mbele yao. Walikuwa wanamlilia baba mdogo.

Jina lililofuata likasomwa, la baba mdogo mwenyewe: mkulima wa Kamango. Wanaume wa kiwanda walikuwa wamekwisha kuinua vichwa, wanapanga vitabu vyao vya nyimbo. Mama mdogo aliitikia sala karibu peke yake, kwa sauti ya kawaida, halafu akamshika mama yangu mkono ili asijikwae kwenda komunyo.